Mashine Isiyomngoja Ludka

Ludmila Hrabovská, au Ludka kama mtaa mzima wa Kocher ulivyomwita, alikuwa na mdomo. Mdomo, siyo sauti. Sauti hata mbuzi anayo. Mdomo wa Ludka ulikuwa wa kumkuta mtu amesimama ukamwacha amekaa chini. Huo ndio uliomlisha, na huo ndio walioutafutia kizibo wanaume wawili waliovaa suti, na mpaka leo hakuna hata mmoja wao aliyerudi kusema samahani.

Mumewe, Štefan, aliangukiwa na mwamba mgodini. Kampuni ya makaa ikamrudisha kwa mkokoteni, ikamlaza barazani kama gunia, ikaondoka bila hata kubisha hodi. Ludka alilia kidogo mbele za watu, kilio kilichobaki akakitia kabatini. Akauza ng'ombe, akauza saa ya marehemu, akalichukua lile zizi la farasi la kona, akalikwangua mavi kwa mikono yake, akapanga mabenchi, akatundika kitambaa cheupe ukutani. Juu ya mlango akaandika kwa Kislovaki *Hviezda*, yaani Nyota.

Watu walicheka. "Mjane kafungua sinema! Kesho atafungua benki!"

Hao hao waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kupanga foleni.

Na foleni ile haikuja kwa ajili ya picha. Picha zilikuwapo hata upande wa juu wa Brannock, mji wetu wa makaa, huko kwa Waayalandi na mainjinia. Lakini picha za siku hizo zilikuwa bubu. Mtu anapanua mdomo, anapanua, halafu yanatokea maandishi ya kukueleza alichosema, na maandishi ni ya Kiingereza. Akina mama wa upande wa chini, wengi wao wahamiaji wa Kislovaki, Kiingereza chao kilikuwa cha dukani: unga, chumvi, ghali. Sasa Ludka, usichana wake wote aliumalizia kwenye jiko la injinia mmoja akiosha vyungu, na alipotoka pale alitoka na Kiingereza cha watu bila kuaga. Basi akawa anasimama kando ya kitambaa na mpini wa fagio mkononi, anawasomea akina mama kwa Kislovaki.

Kusoma gani! Maandishi yakisema, "Margaret, nakupenda," Ludka alisema, "Anasema anampenda. Mtazameni viatu, jamani. Viatu hivyo vimepigwa rangi na mwanamke. Huyu ana mke kwao." Kila mtu mbaya kwenye kila picha alimbatiza jina la Skaggs, nyapara wa mgodi, yule aliyekuwa anawakata wanaume malipo kwa sababu eti makaa yao yana mawe. "Huyo kaingia, Skaggs huyo! Shikeni mifuko!" Na akina mama kwenye benchi la mbele walitema maganda ya mbegu za maboga kuelekea ukutani, wakifurahi kuliko harusini.

Juu kwenye kijumba cha mashine alikaa Ondrej, mdogo wa marehemu Štefan, mtu wa maneno machache na vidole vichache. Vilivyobaki mgodini havikurudi. Mashine yao ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Ludka akiwa na jambo la kuongeza, na siku zote alikuwa nalo, aligonga sakafu kwa mpini wa fagio. Ondrej anasimama, anashusha kifuniko ili taa isiunguze mkanda, anangoja. Ludka anasema yake. Akigonga tena, Ondrej anazungusha, dunia inaendelea. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka, Ludka chini, Ondrej juu, na mpini wa fagio katikati yao.

Ndipo ikaja habari ya picha zinazosema.

Upande wa juu kulikuwa na Palasi, jumba la nguzo na zulia jekundu. Halikuwa la mtu wa Brannock. Lilikuwa la kampuni yenye majumba toka Pittsburgh mpaka baharini, kampuni ambayo picha inatengeneza yenyewe, inauza yenyewe, na inaonyesha yenyewe. Wakaweka mashine ya sauti iitwayo Lusonik. Hiyo sauti yake imechorwa pembeni mwa mkanda wenyewe, kama mshono kwenye pindo la gauni. Mkanda ukienda, sauti inakwenda nao. Meneja wa Palasi aliitwa Clyde Satterlee, mtu mwenye nywele za mafuta mengi hata inzi alikuwa anateleza. Vijana wetu wote wakaanza kupanda kilima siku za Jumamosi. Wanarudi wanaimba Kiingereza kupitia puani.

Satterlee hakutosheka. Akashuka mwenyewe mpaka mtaa wa Kocher, akasimama mlangoni pa Nyota, kofia hakuvua.

"Bibi," alisema, "funga hili zizi. Mambo yamebadilika. Ukitaka kazi, Palasi tunahitaji mtu wa kufagia."

Ludka alikuwa na mpini wake mkononi. "Nitakuja kufagia, Bwana Satterlee, siku nikisikia wewe ndiye takataka yenyewe."

Satterlee akacheka kwa meno, akaondoka. Lakini usiku ule Ludka alimwambia Ondrej, "Shemeji, bila sauti tumekwisha. Hawa watoto hawatarudi kusomewa na bibi."

Mungu huwa anasikia upesi unapoomba vibaya. Haukupita mwezi, gari likasimama mlangoni, akashuka Wendell Pruitt.

Huyu Pruitt alikuwa mtu wa Harmograf. Harmograf nayo ilikuwa na sauti, ila yake ilikaa kwenye santuri, sahani kubwa kama ungo wa kupepetea, inazunguka chini ya sindano wakati mkanda unazunguka juu. Siku hizo Harmograf na Lusonik walikuwa wanapigana nchi nzima kama wake wenza. Kila mmoja alisema mwenzake ni mwizi. Kila mmoja alitaka kutia mashine yake katika kila ukumbi kabla mwenzake hajaamka, maana ukumbi ukishakuwa wa huyu, picha za yule hauonyeshi. Katika bonde letu Harmograf hawakuwa na hata ukumbi mmoja. Ndiyo sababu Pruitt alivua kofia, akafuta miguu, akaingia jikoni kwa Ludka akasifia mkate wa mbegu za mpopi kana kwamba mamake alikufa bila kumpikia.

"Bibi Hrabovská," alisema mdomo umejaa, "hao wa juu wanakudharau. Sisi tunataka wewe ndiye uwe wa kwanza. Nyota! Jina zuri hilo. Tutalitia kwenye matangazo."

"Wale wa Lusonik unawajua?"

"Wezi," alisema Pruitt. "Nisikufiche. Wezi watupu."

Ludka alipenda hapo. Mtu akimtukana adui yako mbele yako, chai inaongezewa sukari. Lakini hakuwa mjinga, na swali lake aliliuliza. Hilo Brannock nzima ilijue, maana kuna wanawake huku bado wanasema eti hakuuliza.

"Sikiliza, Bwana Pruitt. Mimi nasema. Akina mama wangu hawajui Kiingereza. Nikigonga, shemeji anasimamisha mashine, nawaeleza, tunaendelea. Hiyo yako itaningoja?"

Pruitt alitafuna. Alitafuna muda mrefu kuliko mkate ulivyodai.

"Bibi Hrabovská," alisema, "hii mashine ni mtumishi wako. Ukiiambia simama, inasimama."

Hakusema uongo, shetani yule. Kusimama, ilikuwa inasimama. Ya kuendelea ndiyo hakuyasema.

Akaeleza masharti huku anajipangusa makombo. Mashine itabaki mali ya kampuni. Itatiwa lakiri, muhuri wa risasi, asifungue mtu. Na ile ya zamani waikabidhi.

"Ya zamani mnaitakia nini?" Ondrej aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku ile.

"Utaratibu tu."

Ondrej akamvuta Ludka pembeni. "Shemeji, tuseme imeibwa. Tuifiche chini ya kitanda changu."

"Tuifiche ya nini? Ukishapata umeme nani anarudi kwenye mshumaa?"

"Mimi simwamini mtu anayekula haraka namna hiyo."

"Wewe humwamini hata padri. Ondoka."

Akatia sahihi. Vijana wawili wa Pruitt wakaishusha ile mashine ya mkono, wakaipeleka uani nyuma ya banda la kuku, na huko wakaipiga nyundo mpaka ikawa vyuma. Eti isije ikaangukia mikononi mwa mwingine. Ondrej alisimama amewapa mgongo. Walipokwenda, akaokota mpini wa kuzungushia, akautia mfukoni, akaingia ndani. Ludka alimwona akanyamaza. Ilikuwa mara moja katika maisha yake kunyamaza kwa hiari.

Jioni ya kwanza ya picha inayosema, Nyota ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Benchi la mbele akina mama na vitambaa vyao vya kichwa, katikati yao Zuzana Petríková, mzee kuliko wote, aliyezika wanaume watatu na meno yote. Nyuma vijana, waliorudi kuona kama bibi naye ana sauti. Na nyuma kabisa, kwenye nguzo, Satterlee mwenyewe, amelipa kiingilio kama mtu wa kawaida.

Picha ilikuwa ya mama ambaye mwanawe yuko mahakamani kwa mauaji. Hakimu mnene, ndevu nyeupe. Mama anasimama, anafungua mdomo, na sauti ikatoka kweli. Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Sauti ile ilikuwa kubwa, ya bati, inatoka nyuma ya kitambaa kama mtu aliyefungiwa chooni, lakini ilikuwa sauti. Ludka machozi yalimlenga. Yalikuwa ya Štefan, ya zizi, ya miaka yote ile ya kukwangua.

"Ludka," Zuzana aliita, "anasema nini, mwanangu?"

Ludka akaanza, "Anasema mwanawe hakuua..." Lakini yule mama wa kwenye kitambaa hakunyamaza. Aliendelea. Ludka akapandisha sauti, mashine nayo imepandisha yake, zikawa kama wanawake wawili kwenye kisima kimoja.

"Nyamaza, Mama Hrabovská!" kijana akapiga kelele nyuma. "Hatusikii!"

Hilo neno halikuwahi kusemwa ndani ya Nyota. Na kijana mwenyewe alikuwa Jozef wa kwa Baláž, ambaye Ludka ndiye aliyemfunga kitovu usiku ule mkunga alipochelewa.

"Ludka! Analia nini? Kasema nini hakimu?" Benchi zima la mbele sasa lilikuwa linamvuta sketi.

Basi akafanya alichokuwa anafanya siku zote. Akagonga.

Juu, Ondrej alisita. Mtu wa kampuni alikuwa amemwambia asiguse kitu. Lakini alikuwa amekula kwa mpini huo miaka mingi. Akasimamisha. Sauti ya yule mama ikazama, ikawa ya dume, ikawa ya ng'ombe, ikafa. Ludka akawaeleza wenzake, vizuri, taratibu, kwamba mama anaomba afungwe yeye badala ya mwanawe. Benchi la mbele likalia. Akagonga tena.

Ondrej akawasha. Mkanda ukaondoka. Santuri ikaondoka. Sindano ikaruka mfereji, ikakaa panapoipendeza.

Na yule mama, machozi yakimtiririka, akafungua mdomo akatoa sauti ya hakimu, nzito, yenye kikohozi: "Utanyongwa mpaka ufe!" Hakimu naye akapiga nyundo yake, akatikisa ndevu, akalia kwa sauti nyembamba ya mwanamke: "Mwanangu! Mwanangu, mimi ndiye niliyekunyonyesha!"

Kilichofuata hakikuwa kicheko. Ilikuwa ngurumo. Vijana waliwatafsiria akina mama, watu wakaanguka kwenye mabenchi. Jozef Baláž alitolewa nje anakohoa. Ludka akagonga tena ili Ondrej atengeneze, ikawa mbaya zaidi: sasa polisi anabweka na mbwa anatoa ushahidi.

Zuzana peke yake ndiye hakucheka. Alimvuta Ludka mkono. "Mwanangu, sasa huyu mama ndiye anamnyonga mtoto wake?"

Swali hilo lilimuuma Ludka kuliko kicheko chote.

Satterlee alikuwa ameshatoka. Asubuhi, mbele ya Palasi, kulikuwa na ubao mpya: HAPA KILA MTU ANA SAUTI YAKE MWENYEWE. Ubao huo ulipigwa picha ukatokea magazetini mpaka Scranton. Bonde zima likajua Harmograf ni mashine ya kumtia hakimu matiti.

Pruitt alirudi mbio, safari hii bila kuvua kofia, bila mkate.

"Umetuaibisha bonde zima! Nani alikwambia usimamishe mashine?"

"Wewe. Ulisema nikiiambia simama, inasimama."

"Ilisimama, haikusimama?"

"Ilisimama," alisema Ludka. "Kama moyo wa Štefan."

Pruitt hakuelewa, wala hakutaka kuelewa. "Basi sikiliza. Picha ikianza, wewe unakaa kwenye kijumba cha tiketi, umefunga mdomo. Nikisikia imesimamishwa mara moja tu, naing'oa kesho yake."

"Na akina mama wangu?"

"Wajifunze Kiingereza."

Ludka alimtazama. Aliyemjua angesema sasa Pruitt anakwenda nyumbani bila ngozi. Lakini mashine ilikuwa yake Pruitt, ile nyingine ilikuwa vyuma nyuma ya banda la kuku, na ukumbi bila mashine ni zizi. Alisema, "Sawa." Akaingia ndani.

Majuma kadhaa Nyota ilionyesha picha na Ludka amekaa kwenye kijumba kama ndege wa saa ya ukutani aliyekatwa kamba. Vijana wakaja, kidogo. Akina mama wakaja mara moja, wakatazama midomo ya watu wasiowajua ikipayuka, wakarudi nyumbani kumenya viazi. Benchi la mbele likawa tupu. Ondrej alisema, "Shemeji, tunaonyesha picha kwa mabenchi."

Lakini mdomo kama ule hauzibwi, unatafuta ufa tu. Jumatatu moja alimwambia Ondrej apige santuri zote mchana, ukumbi mtupu. Akakaa peke yake, akasikiliza picha nzima, akairudia mpaka akaijua kama sala. Jioni, kabla ya taa kuzimwa, akasimama mbele na mpini wake wa fagio, mashine haijaguswa, na akawahadithia yote. Nani ni nani, nani anasema nini, nani ni Skaggs safari hii, wapi pa kulia. "Akivua glavu tu, toeni leso," aliwaambia. "Mimi nimeshawaonya."

Halafu akaenda kijumbani, akafunga mdomo kama alivyoamriwa, na picha ikaenda toka mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, kila mtu na sauti yake.

Lo! Akina mama walirudi. Walileta na mashangazi. Walisema ni bora kuliko zamani, maana sasa unajua mapema wa kumchukia. Wakija wenye haraka, wanakuja kusikiliza hadithi tu, picha hawangoji. Mpaka Waayalandi wa upande wa juu wakaanza kushuka kilima kumtazama, neno moja hawaelewi, wanacheka tu akimwiga nyapara. Siku za Ijumaa Palasi ilibaki na zulia jekundu bila mtu wa kulikanyaga. Satterlee aliuondoa ule ubao mwenyewe.

Ludka akaanza tena kuimba jikoni. Alinunua rangi, akaipaka upya ile Hviezda juu ya mlango. Alisema, "Shemeji, tumewashinda. Wote wawili." Ondrej akasema, "Usiseme kwa sauti."

Ondrej huyu alikuwa na akili, ila alizaliwa katika ukoo usiosikilizwa.

Majira ya kuchipua gari likaja. Ludka alilitambua gari la Pruitt, akatoka nje anafuta mikono yenye unga. Akakuta limebeba watu wawili mbele. Mmoja Pruitt. Wa pili, anawasha sigara kwa sigara ya Pruitt, Satterlee.

"Bwana Pruitt," alisema Ludka, "umeokota takataka njiani."

"Habari za asubuhi, Bibi Hrabovská." Pruitt hakumtazama. "Mambo yamebadilika. Wakubwa wamepatana huko New York. Harmograf na Lusonik sasa ni kampuni moja."

"Mwaka jana uliniambia hawa ni wezi. Ulisema huku unakula mkate wangu."

"Mwaka jana ilikuwa biashara."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu pia ni biashara."

Satterlee akacheka, moshi ukamtoka puani. Nyuma ya gari kulikuwa na lori, na vijana wale wale wa nyundo. Pruitt akaeleza. Habari ya santuri imekwisha, hakuna atakayetengeneza tena. Sauti sasa ni ya kwenye mkanda tu, kwa wote. Mashine ya kampuni inarudi kwa kampuni.

"Basi nileteeni hiyo ya mkanda," alisema Ludka. "Mimi sichagui. Nimejifunza kunyamaza, ulinifundisha mwenyewe."

Sasa akajibu Satterlee. "Brannock ina Palasi, bibi. Kampuni moja haijishindanishi yenyewe."

Vijana walikuwa wameshapita ndani. Zilisikika spana.

"Nirudishieni mashine yangu," Ludka alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Majirani waliokuwa wamejaa barazani walisogea ili wasikie. "Ile ya mkono. Niliyoinunua kwa saa ya marehemu. Nitaonyesha hizo za kimya za zamani, hata zilizochakaa. Nirudishieni tu ile."

Pruitt akatazama viatu vyake. Na Ludka akavitazama viatu hivyo pia. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri sana.

"Unajua iko wapi, Bibi Hrabovská," alisema Pruitt.

Ondrej alitoka ndani, amesimama mlangoni, mkono mfukoni. Kila mtu alijua kilichomo mfukoni, kile chuma cha kuzungushia, kizito, na kwa muda mfupi barabara nzima iliomba akitoe ampige nacho mmoja wao, yeyote. Hakukitoa. Watu wetu hawajui kupiga. Wanajua kusimama na kutazama kinachobebwa.

Walipomaliza, Satterlee alivua kofia, kwa mara ya kwanza. "Ile nafasi ya kufagia bado ipo," alisema.

Ludka hakumjibu. Ndipo watu walipojua kwamba amevunjika.

Nyota ilichukuliwa na mwenye duka, akaweka viazi. Ondrej alikwenda kuishi kwa dada yake Hazleton, na akafia huko, kile chuma wakakizika naye kwa sababu hakuna aliyejua ni cha nini. Ludka alifua nguo za watu. Akina mama wa benchi la mbele walimpelekea nguo zao, na walijiona wema kwa hilo.

Kisha nao wakaanza kupanda kilima. Wangekaa nyumbani mpaka lini? Palasi ilikuwa na viti vya mto. Jumapili moja mchana wakamburuta na Ludka. "Njoo, mwenzetu, usikae na hasira zako jikoni." Tena walimlipia, wakamkalisha katikati yao, na kila mtu alijua kwa nini katikati.

Taa zikazimwa. Picha ilikuwa ya msichana wa tajiri na mwanamume mwenye masharubu. Zuzana Petríková alivumilia kidogo tu. Akainama sikioni.

"Ludka. Anasema nini?"

Ludka aliendelea kutazama mbele.

"Ludka, mwanangu. Mimi ni mzee. Nitakufa sijui huyu mwanamke anataka nini."

Basi Ludka akasema. Kwa kunong'ona mwanzoni. "Anasema atamrithisha shamba. Mwongo. Mtazameni mikono, haijashika jembe. Huyu ni Skaggs." Safu nzima ikainama kumsikiliza. Mtu akacheka, sauti ya Ludka ikapanda kidogo, ikapanda tena, na kwa dakika chache tu, kwenye giza la watu wengine, ilikuwa kama zamani.

Tochi ikammulika usoni. Alikuwa Jozef Baláž, amevaa koti jekundu lenye vifungo vya Palasi.

"Bibi, nyamaza au utoke nje."

"Jozef," alisema Ludka, "nilikufunga kitovu. Ningejua, ningekifunga shingoni."

"Nje, bibi. Usinipotezee kazi."

Ludka akasimama. Akawatazama wenzake mmoja mmoja, na tochi ilimsaidia kuwaona vizuri. Anna Baláž, mama wa yule kijana, alitazama kitambaa. Mária Kopecká alitazama mapaja yake. Wote hao, waliomwaga maganda ya mbegu za maboga sakafuni kwake miaka na yeye akafagia bila kuguna, ghafla wakawa wanafuata picha kwa makini, Kiingereza chote wamekijua siku hiyo. Viti vilikuwa laini. Kiingilio kilikuwa kimelipwa.

Zuzana peke yake ndiye aliyeinuka, kwa kushika viti. Waliteremka kilima wawili polepole, mkono kwa mkono, vumbi la makaa linapeperuka na upepo.

Katikati ya njia mzee akasimama kupumua.

"Hatukuona mwisho," alisema. "Inaishaje, mwanangu?"

Ludka alikuwa hajaiona picha ile hata mara moja maishani mwake.

"Wanakufa," alisema. "Wote. Wanaanza wenye suti."

"Na Skaggs?"

"Skaggs wa mwisho. Polepole."

Zuzana akaitikia kwa kichwa, akaridhika, wakaendelea kushuka.